Nne Tupa, Tano Twaa: Kuzisoma Swichi za Kikokotoo cha Mezani

Wapenzi wa lugha na tungo, leo nawaomba radhi kwa kuwaleta mbele ya kitu ambacho kwa mtazamo wa kwanza hakina undugu na ushairi. Ni kikokotoo cha mezani cha miaka ya sabini, kile cha ofisini chenye kupiga chapa hesabu zake kwenye utepe wa karatasi. Nimekirithi kwa baba mdogo, ambaye alikuwa karani wa hesabu maisha yake yote ya kazi. Kijitabu cha maelezo hakipo, na kibandiko chenye jina la kiwanda kilikwisha kubanduka. Kilichobaki ni maandishi ya usoni pake, na maandishi hayo hayana hata neno moja zima. Kuna herufi A, F, K na GT. Kuna alama ya almasi na alama ya nyota. Kuna 5/4 iliyokaa baina ya mishale miwili, mmoja ukitazama juu na mwingine chini. Kuna kitufe kimoja kilichobeba + na = kwa pamoja, na kingine, chekundu, kilichobeba − na =. Mtu aliyezoea kukokotoa kwa simu hukwama papo hapo.

Nimetumia majuma kadhaa kuifumbua lugha hiyo, kitufe kwa kitufe, nikilinganisha majibu ya mashine na hesabu za kalamu. Kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona kwamba kila swichi ni ubishi wa kale wa watu wa fedha, ubishi ambao waundaji hawakuumaliza, bali waliuacha mezani ili karani auamue mwenyewe kwa kidole.

Nianze na jina la kifaa. Wapo wasemao kikokotoo, wapo wasemao kikokotozi, na mitaani wengi husema kalkuleta, yote yanaeleweka. Kwa Watanzania, hata hivyo, neno kikokotoo limepata maana ya pili yenye uchungu. Tangu mjadala mkali wa mwaka 2018 kuhusu mafao ya wastaafu, ukilitamka neno hilo ndani ya daladala abiria hawafikirii mashine. Wanafikiria kanuni inayoamua mstaafu atalipwa kiasi gani kwa mkupuo na kiasi gani kidogo kidogo. Wapo wanaolalamika kwamba huo ni upotoshaji wa maana. Mimi naona watu wa daladala wameliona jambo vizuri, kwa kuwa ndani ya mashine hii pia kuna kanuni iliyojificha, na anayeiweka swichi ndiye anayeichagua.

Sasa tuketi mbele yake. Jaribu kutoa tatu katika nane. Mkono wetu wa leo hubonyeza nane, kutoa, tatu, kisha alama ya sawasawa. Ukifanya hivyo hapa, yaani nane, kitufe chekundu, tatu, kisha +=, utepe utakuletea tano iliyo chini ya sifuri, tena kwa wino mwekundu, kana kwamba mashine imekukemea. Njia iliyo sahihi ni hii: nane, kisha +=; tatu, kisha −=. Kiasi hutajwa kwanza, hukumu yake hufuata. Nane, ingiza. Tatu, toa. Sisi husema "toa tatu", kitenzi kikitangulia. Mashine husema "tatu, toa". Mtu aliyewahi kuketi karibu na mweka hazina anayesomewa daftari ameusikia mpangilio huu: "Mia mbili, imeingia. Hamsini, imetoka."

Asili ya mpangilio huo ni mkono wa chuma. Mwaka 1888 William Seward Burroughs wa St. Louis, Marekani, alipata hataza ya mashine ya kujumlisha yenye kupiga chapa. Katika mashine za ukoo huo karani aliweka kwanza tarakimu zote za kiasi kwa vitufe, akazitazama kama zimekaa sawa, ndipo akavuta mkono wa pembeni. Hapo tu ndipo kiasi kilipoingia katika jumla na kuchapwa. Kabla ya kuvuta, kosa lilikuwa bado linaweza kufutwa. Umeme ulipokuja, mkono ukageuka kuwa kitufe kikubwa cha kujumlisha, na elektroniki zilipokuja kitufe hicho kikabaki mahali pake na kwa tabia yake. Kwa hiyo alama ya += si sawasawa ya darasani. Ni ule mkono wa chuma, umefupishwa ukawa wa plastiki.

Mtani wa Burroughs alikuwa Dorr Felt wa Chicago, na habari zake zinanifurahisha zaidi. Kielelezo chake cha kwanza, cha mwaka 1884 na 1885, alikiunda ndani ya sanduku la mbao la makaroni. Hataza aliipata mwaka 1887, na mashine iliyotokana nayo, Comptometer, ilikaa maofisini kwa miongo mingi. Haikuwa na mkono wa kuvuta: kubonyeza kitufe kulitosha kuongeza. Uso wake ulikuwa shamba la vitufe lililopandwa kwa safu: safu ya mamoja, safu ya makumi, safu ya mamia, na kila safu ikiwa na vitufe tisa, 1 hadi 9. Sifuri haikuwa na kitufe. Ukitaka kuandika mia tatu na nne, ulibonyeza tatu katika safu ya mamia na nne katika safu ya mamoja, ukaiacha safu ya katikati ilivyo. Neno letu sifuri limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni utupu, na sijaona kifaa kilichoitii maana hiyo kwa uaminifu kuliko hiki. Sifuri ilikuwa kunyamaza.

Mtindo huo wa safu haukufa upesi. Mwaka 1961 kampuni ya Bell Punch ya Uingereza ilipotangaza ANITA, vikokotoo vya kwanza vya mezani vya elektroniki kuuzwa madukani, uso wake ulikuwa shamba lile lile la safu, ingawa ndani yake taa za gesi zilikuwa zimechukua nafasi ya magurudumu yenye meno. (Jina Bell Punch lilitokana na kifaa cha makondakta cha kutoboa tiketi, ambacho kililia kengele kila nauli ilipopokewa; kumhesabia mtu asiyeaminika ni biashara ya zamani.) Hata CS-10A ya Sharp ya mwaka 1964, iliyotumia transista, ikiwa na uzito wa kilo 25 na bei ya yeni 535,000, ilikuwa bado na safu kamili. Canola 130 ya Canon ya mwaka huo huo ndiyo iliyokuwa na vitufe kumi tu. Vitufe kumi vyenyewe havikuwa vipya: Sundstrand wa Marekani alikwisha kuuza mashine ya namna hiyo tangu mwaka 1914, yenye 7, 8 na 9 katika mstari wa juu. Mpangilio huo ndio ulioko kwenye mashine yangu, na ndio ulioko pembeni mwa kibodi za kompyuta hadi leo. Hapo sifuri ilipata kitufe chake, tena kipana kuliko vyote.

Baada ya vitufe, swichi. Iliyo kushoto kabisa hutelezeshwa kupitia vituo hivi: A, 0, 2, 3, 4, F. Hii ndiyo swichi ya nukta ya desimali. Ikiwa kwenye F nukta huelea, nayo mashine hukupa tarakimu zote inazoweza kubeba. Ikiwa kwenye namba, jibu hukatwa au hupandishwa lifike idadi hiyo ya tarakimu baada ya nukta. Mwanzoni niliichukulia kuwa swichi ya hisabati. Kisha nikajiuliza kwa nini kituo cha 1 hakipo, na jibu likanijia: hii ni swichi ya fedha za nchi. Yeni ya Japani imeachana na vijisehemu vyake tangu mwishoni mwa mwaka 1953, basi anayehesabu yeni anatosheka na 0. Shilingi na dola zina senti mia, basi ni 2. Na 3 je? Mwulize mwenye duka wa Maskati. Riali ya Oman imegawanywa katika baisa elfu moja, naye bila kituo cha 3 hawezi kufunga hesabu yake.

Hapa mpenzi wa lugha hana budi kusimama. Baisa ya Oman ni ndugu wa pesa yetu. Yote mawili yametoka katika paisa ya Bara Hindi. Pwani yetu ilipohesabu kwa rupia, rupia moja ilikuwa anna 16, na kila anna pesa 4, kwa hiyo rupia ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa upya rupia ya koloni lao katika heller 100, na kutoka kwenye sarafu hiyo tumepata neno hela. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Pesa, hela, senti: tunayatamka leo kama visawe, lakini kila moja lilizaliwa likiwa jibu la swali lile lile la swichi, kwamba kitu kizima kigawanywe mara ngapi. Pesa ni mgawo wa 64, hela na senti ni wa 100.

Niongeze jambo ambalo hunichekesha. Watawala Waingereza walioleta shilingi ya senti mia huku kwetu waliendelea kwao na pauni ya shilingi 20 na shilingi ya peni 12 hadi tarehe 15 Februari 1971. Kwa nusu karne karani wa Mombasa au wa Tanga alijumlisha kwa makumi, ilhali mwenzake wa London alihitaji mashine yenye safu maalumu za shilingi na peni ili asichanganyikiwe.

Kituo cha A kinahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndicho kitegacho watu. A ni hali ya kujumlisha fedha. Swichi ikiwa hapo, huhitaji kubonyeza nukta: ukiandika 1350 kisha +=, mashine huelewa shilingi 13 na senti 50. Tabia hii nayo ni urithi wa mashine za chuma, ambazo safu zake mbili za kulia zilikuwa za senti milele. Kwa karani mwenye stakabadhi mia tano mbele yake, kitufe kimoja kilichopunguzwa katika kila kiasi kilikuwa nafuu kubwa. Lakini rehema hiyo haivuki mipaka ya kujumlisha na kutoa. Ukizidisha, mashine husoma ulichoandika kama kilivyo: 135 ni mia moja thelathini na tano, si shilingi moja na senti thelathini na tano. Jibu hutoka mara mia ya lile ulilolitaka, na utepe hulichapa bila haya.

Sasa nifike kwenye 5/4. Kwa Kiswahili tuna kitenzi kukadiria, nacho shuleni hutumiwa kwa kupunguza tarakimu za namba. Ni neno zuri, lakini limebeba mizigo miwili: hukadiria pia yule anayekisia umbali kwa macho. Mashine haikisii. Ina njia tatu zilizo wazi. Mshale wa juu hupandisha kila kilichozidi, hata kiwe kidogo namna gani. Mshale wa chini hukata kila kilichozidi, hata kiwe kikubwa namna gani. Katikati yake imekaa 5/4, na mtu asiyejua huidhania kuwa sehemu, tano juu ya nne. Siyo. Ni kanuni: tano na zaidi hupanda, nne na chini yake huanguka.

Wajapani wana jina la kanuni hiyo, nalo ni la maandishi manne: shisha gonyuu. Shi ni nne, sha ni kutupa, go ni tano, nyuu ni kuingiza. Nilipolijua nilijaribu kulileta kwetu neno kwa neno, nikapata: nne tupa, tano twaa. Hesabu mizani yake, msomaji. N-ne tu-pa ta-no twa-a. Ni minane kamili, kipande halali cha mshororo wa shairi la mizani kumi na sita. Sikukitafuta, kilikuja chenyewe. Tangu siku hiyo situmii neno kukadiria nikiwa mbele ya mashine.

Swichi hii ndiyo iliyonifanya niandike. Ndani ya mashine mlikuwa na utepe wa zamani uliosalia. Ulichapwa kwa ukanda wa wino juu ya karatasi ya kawaida, kwa hiyo haukufifia kama zifanyavyo stakabadhi za leo zinazochapwa kwa joto. Juu yake kuna tarehe ya siku na mwezi iliyotanguliwa na alama ya #, kitufe kinachochapa namba bila kuiingiza katika jumla. Chini yake zinafuata hesabu za mauzo ya pamba ya wakulima: kilo, mara bei, sawasawa na fedha. Baba mdogo alifanya kazi hiyo katika ofisi ya chama kimoja cha ushirika, na stakabadhi za mizani zilimjia kutoka vijijini. Katika ukoo wetu lilizungumzwa kwa sauti ya chini jambo moja juu yake: kwamba wakulima walimwita mla senti.

Mistari minne ya kwanza inatosha. Bei ni shilingi 1.35 kwa kilo. Kilo 12.5 zimepata 16.87. Kilo 23.7 zimepata 31.99. Kilo 8.3 zimepata 11.20. Kilo 40.6 zimepata 54.81. Utepe hauandiki swichi ilikuwa wapi, lakini namba zenyewe ni shahidi. Kwa kalamu, ya kwanza ni 16.875, ya pili 31.995, ya tatu 11.205, na ya nne ni 54.81 bila mabaki. Mara tatu kulikuwa na nusu senti, na mara tatu imekatwa. Swichi ilikuwa kwenye mshale wa chini.

Basi wakulima walisema kweli? Kwa upande mmoja, naam. Aliyeleta kilo 23.7 alipungukiwa na nusu senti, na yeyote mwenye kujua kuzidisha alikuwa na haki ya kuuliza. Tatizo ni neno "kula". Jumla ya kilo hizo nne ni 85.1, na ukizizidisha kwa 1.35 unapata 114.885. Fedha zilizolipwa ni 114.87. Senti moja na nusu haikuingia mfukoni mwa mtu. Ilibaki katika sanduku la chama, ikiwa ziada isiyo na stakabadhi. Na karani mwenye ziada hutazamwa na mkaguzi kwa jicho lile lile la karani mwenye upungufu, isipokuwa kwamba wa pili hulipa kutoka mshahara wake.

Hapo ndipo nilipojiuliza: kwa nini basi hakuiweka swichi kwenye 5/4, kanuni inayosifiwa kuwa ya haki? Nikaihamisha swichi na kuzirudia hesabu zile zile. Majibu yakawa 16.88, 32.00, 11.21 na 54.81, jumla 114.90. Sasa sanduku la chama limepungukiwa na senti moja na nusu, kiasi kile kile, upande wa pili. Nikaisogeza tena, safari hii kwenye mshale wa juu, nikapata majibu yasiyotofautiana hata kwa senti moja na yale ya 5/4.

Sababu ni hii. Bei inaishia na tano, na mizani ilisoma sehemu za kumi za kilo. Zidisha upendavyo, tarakimu ya tatu baada ya nukta itakuwa ama sifuri ama tano, hakuna nyingine. Sehemu za kumi zikiwa shufwa, mabaki hayapo. Zikiwa witiri, mabaki ni tano. Nne ya kutupwa haitokei kamwe. Kanuni ya nne tupa, tano twaa, yenye sura ya usawa, kwa bei hiyo huwa ni twaa tu, kila mara, kwa faida ya muuzaji. Tuseme msimu una stakabadhi 4,000, na nusu yake zina witiri: nusu senti mara 2,000 ni shilingi kumi. Ukikata, wakulima kwa pamoja wanapoteza shilingi kumi. Ukitumia 5/4, chama kinapoteza shilingi kumi, na mtu wa kwanza kuulizwa ni karani.

Iko kanuni ya nne, inayojulikana sana na watu wa benki na wa takwimu, ya kuipeleka nusu kwenye tarakimu shufwa iliyo jirani. Kwa kanuni hiyo 16.875 hupanda kuwa 16.88, 31.995 hupanda kuwa 32.00, lakini 11.205 hushuka kuwa 11.20. Jumla ya mistari yetu minne ingekuwa 114.89, ikikosea kwa nusu senti tu. Mashine haina kituo chake. Karani alipewa vituo vitatu, na kwa bei ile vitatu hivyo vilikuwa viwili: amnyime mkulima au akidai chama. Wakulima walikuwa sahihi kwamba senti zao zimekatwa. Walikosea kudhani kwamba aliyezikata ndiye aliyezila. Na nikisema hivi nasema kama mtu wa ukoo wake, kwa hiyo msomaji anaruhusiwa kuzirudia hesabu zangu kabla ya kunikubalia. Namba zote nimeziweka hapa.

Nipite haraka kwenye GT na kumbukumbu. GT ni jumla kuu: kila hesabu ndogo inapofungwa, matokeo yake huongezwa kimyakimya katika hazina ya ndani, na mwisho wa siku kitufe hicho huitoa yote. Almasi na nyota ni jozi, na tofauti yake ni nzito kuliko zinavyoonekana. Almasi huonyesha jumla ilipofikia na kuiacha iendelee. Nyota huonyesha jumla na kuifuta, ili hesabu inayofuata ianze na utupu. Zikitanguliwa na M hufanya vivyo hivyo kwa kumbukumbu. Kiswahili cha maofisini kina kitenzi tayari kwa ajili ya nyota: kufunga. Karani hufunga hesabu, hufunga daftari, hufunga mwezi. Kwa almasi tunahitaji neno jepesi zaidi, nami nimekuwa nikiiita hadi hapa.

Mashine za aina hii ndizo zilizoifikisha dunia mahali ilipo, na watu wachache wanalikumbuka hilo. Mwishoni mwa miaka ya sitini kampuni ya Kijapani ya Busicom iliitaka Intel ya Marekani iitengenezee chipu kwa ajili ya vikokotoo vyake. Badala ya kuunda chipu za kazi moja moja, Ted Hoff alipendekeza chipu moja ya jumla ambayo kazi yake ingeamuliwa na programu. Masatoshi Shima wa Busicom, pamoja na Federico Faggin na Stan Mazor wa Intel, wakalifanya wazo hilo kuwa kitu. Mwaka 1971 ikatoka 4004, yenye transista 2,300, na kikokotoo kilichoibeba, Busicom 141-PF, kilikuwa cha mezani, chenye kupiga chapa, na chenye swichi ya desimali na ya ukadiriaji kama hiki changu. Tangu hapo kanuni ikahama kutoka kwenye nyaya kwenda kwenye programu. Katika simu zetu imekwenda mbali zaidi: kanuni ipo, swichi haipo. Hakuna mkulima anayeweza kumwendea karani na kumwambia, sogeza hiki kidude niione tofauti.

Imebaki K. Ukiwasha swichi hiyo, mashine hukishika kiasi kimoja na kukirudia. Unaandika 1.35 mara moja tu, kisha unaandika kilo za mkulima wa kwanza na kubonyeza sawasawa, kilo za wa pili na kubonyeza sawasawa, na kuendelea. Bei inajiitikia yenyewe chini ya kila mmoja. Katika kuzidisha hushikwa kiasi cha kwanza, katika kugawanya hushikwa kile kinachogawanya. Vitabu vya hisabati vina majina yao ya kiasi kisichobadilika, marefu na makavu. Lakini watu wa tungo wana jina la kile kinachorudi katika kila ubeti ilhali mishororo mingine inabadilika, tena jina hilo linaanza na herufi ile ile iliyopo usoni pa mashine. Nimekata kipande cha karatasi, nimekibandika juu ya swichi, na nimeandika: K, kiitikio.